Jinsi ya kukadiria kwa kompyuta sumu ya kemikali ya kiwandani ikimezwa (na usiiamini namba kabla hujaona majirani zake)

Limeingia pipa la kiyeyushi stoo, unafungua ile karatasi ya usalama unaenda moja kwa moja kifungu cha 11 maana ndiko habari za sumu zinakokaa, unakuta wameandika "hakuna data" basi. Na vijana wanakichota kila siku kwa jagi, glavu zimetoboka, saa nne wanakula chapati palepale. Hapo ndipo modeli za kompyuta zinapokuwa na maana, kuna programu za bure kabisa ambazo ukizipa muundo wa molekuli zinakupa makadirio ya sumu yake ikimezwa, ndani ya dakika chache, bila kuua panya hata mmoja. Nitaeleza navyofanya mimi kuanzia mwanzo mpaka mwisho, ila jambo moja lishike toka sasa: namba inayotoka kwenye programu haina uzito wowote mpaka uwe umeona imetokana na kemikali zipi. Wengi wanachukua namba wanaibandika kwenye lebo wanaendelea na mambo mengine, na mimi naona hiyo ni hatari kuliko kuacha pakiwa wazi, maana palipo wazi angalau mtu anaogopa.

Tunakadiria nini hasa

Tunakadiria LD50, yaani dozi ambayo wanyama wakipewa mara moja kwa mdomo nusu yao wanakufa, inaandikwa kwa miligramu kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Aliyeileta ni Trevan wa Uingereza mwaka 1927 na mpaka leo ndiyo inayotumika kuzipanga kemikali. Kumbuka inaenda kinyumenyume, namba ikiwa ndogo sumu ndiyo kali zaidi. Kwenye GHS, mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kupanga kemikali kwa hatari zake, kundi la 1 ni mpaka 5 mg kwa kilo, la 2 mpaka 50, la 3 mpaka 300, la 4 mpaka 2,000, halafu kuna la 5 mpaka 5,000 ambalo nchi nyingine hazilitumii. EPA, shirika la mazingira la Marekani, wana mgawanyo wao tofauti, 50, 500 na 5,000, kwa hiyo programu ikikwambia "kundi la 3" uliza kwanza ni la nani, kwa sababu la GHS ni mtu kuwahishwa hospitali na la EPA linaweza kuwa kitu cha 4,000 mg kwa kilo.

Na tuelewane kabla hatujaenda mbali, makadirio haya ni ya kupanga stoo, lebo, vifaa vya kujikinga na kuamua kemikali ipi muiache. Mtu akishameza kitu hakuna cha modeli, ni hospitali hapohapo pamoja na chombo chenyewe au picha ya lebo.

Tafuta data ya kweli kwanza

Hii watu wanairuka. Kabla hujagusa modeli yoyote angalia kama kuna panya tayari walishapimwa miaka ya nyuma, maana kipimo cha kweli kikiwa cha maana kinashinda makadirio. Ingia PubChem, ingia kwenye data za ECHA, wakala wa kemikali wa Ulaya, ingia CompTox Dashboard ya EPA, zote bure, tafuta kwa namba ya CAS, ile namba ya utambulisho ambayo kila kemikali ina yake. Jina usiliamini sana kwa sababu jina la biashara linabadilika kila muuzaji na kemikali ileile inaweza kuwa na majina kumi.

Hata namba ya CAS yenyewe ihakiki, lebo za mapipa zinakosewa sana na ni kazi ya sekunde chache. Chukua 111-76-2. Ile 2 ya mwisho ni ya kuhakikia. Zilizobaki zisome kutoka kulia kwenda kushoto, 6, 7, 1, 1, 1, halafu ya kwanza zidisha kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 3, hivyo hivyo mpaka mwisho, unapata 6 na 14 na 3 na 4 na 5, jumla 32, inaishia na 2, imekubali. Isipokubali usiendelee, mpigie muuzaji.

Ikikubali chukua SMILES yake, ule mstari mmoja wa herufi unaoeleza molekuli nzima. Hii 111-76-2 ni 2-butoksiethanoli, imejaa kwenye sabuni za kusafishia vioo na kwenye rangi, na SMILES yake ni CCCCOCCO: kaboni nne, oksijeni, kaboni mbili, oksijeni ya mwisho. Haidrojeni haziandikwi, programu inazijaza yenyewe. Isome kwa macho yako uilinganishe na mchoro, usinakili tu. Kama kuna nukta katikati ujue ni chumvi au ni vitu viwili pamoja, na programu nyingi zitakata kipande kimoja zibaki na kikubwa bila kukushtua, kumbe huenda kile kidogo kilichokatwa ndicho chenye sumu.

Modeli zenyewe

Mimi naanza na CATMoS, na sababu ni namna ilivyotengenezwa. Taasisi za serikali ya Marekani, NICEATM (kituo cha njia mbadala za kupima sumu) wakiwa pamoja na EPA, zilikusanya data za panya za kemikali 11,992, wakawapa vikundi 35 vya watafiti wa nchi mbalimbali kila mmoja atengeneze modeli kwa njia yake, zikatoka modeli 139, wakakutana Aprili 2018 kuzilinganisha na baadaye wakaziunganisha kuwa makadirio ya pamoja, kazi ikachapishwa 2021. Kosa la modeli moja linazibwa na nyingine. Unaipata ndani ya programu ya OPERA, ya bure, inakubali Windows na Linux, unaipa faili lenye SMILES mstari kwa mstari, unachagua CATMoS, inakutolea jedwali. Ndani yake kuna majibu matano: je ni sumu kali sana (chini ya 50)? je haina sumu ya kutisha (juu ya 2,000)? iko kundi gani la EPA? la GHS? na LD50 yenyewe kwa namba.

Ya pili ni TEST ya EPA, nayo bure. Hii naipendea kitu kimoja, inakuonyesha kwenye ukurasa uleule kemikali zinazofanana na yako, kilichopimwa kwa panya na kile ambacho modeli ingekadiria, sambamba. Ukiona kwa wale wanaofanana inakosea kwa mbali basi na kwa yako itakosea, huhitaji shahada kulielewa hilo. Ila angalia, kama kemikali yako tayari imo kwenye data yake inakuonyesha pia thamani iliyopimwa, hiyo ndiyo ya kuchukua.

Natumia zote mbili kila mara. Zikikubaliana kundi, vizuri. Zikitofautiana nachukua ile kali zaidi mpaka nipate sababu ya maana ya kufanya vingine, kwa sababu ukikosea upande wa kuogopa umepoteza hela ya glavu, ukikosea upande wa pili umepoteza mtu.

Sasa soma majirani

OPERA pembeni ya kila jibu inakupa vitu vitatu ambavyo wengi wanavifuta ili jedwali lipendeze. Kuna AD, inaandika 1 kama kemikali yako imo ndani ya eneo ambalo modeli inalijua kwa ujumla, 0 kama iko nje. Kuna AD index, kati ya 0 na 1, hiyo inapima majirani wa karibu wanafanana nayo kiasi gani. Na kuna confidence index, inayoangalia modeli inawapatia vizuri kiasi gani majirani haohao. AD ikiwa 0 na AD index iko chini ya 0.4, hilo jibu litupe. Kati ya 0.4 na 0.6 upo mpakani, litumie kwa tahadhari. Juu ya 0.6 unaweza kuliegemea hata kama AD imeandika 0, kwa sababu majirani wa karibu wapo.

Halafu fungua majirani wenyewe, OPERA inakutolea watano, uwaangalie mmoja mmoja michoro yao. Hapa ndipo macho ya mkemia yanahitajika na hakuna programu ya kukufanyia. Nikupe mfano ambao mimi namwonyesha kila anayeanza. Propanoli-1, SMILES CCCO, kiyeyushi cha kawaida, LD50 ya panya inayotajwa sana ni kama 1,870 mg kwa kilo, kundi la 4. Alili alkoholi, SMILES C=CCO, malighafi ya resini, ina kaboni tatu na oksijeni moja vilevile, tofauti ni ile alama ya = tu, kifungo maradufu kimoja. LD50 yake ni kama 64. Kundi la 3, karibu mara thelathini kwa ukali! Sababu iko kwenye ini: kimeng'enya kilekile kinachovunja pombe kinaichukua alili alkoholi kinaigeuza kuwa akrolini, ambayo inashika protini za seli na kuziua. Propanoli ikipita njia hiyohiyo inatoka aldehaidi ya kawaida ambayo mwili unaimudu.

Sasa fikiria una kemikali mpya yenye C=CCO pembeni na majirani watano waliotoka wote ni alkoholi za kawaida zisizo na kifungo hicho. Kwa mahesabu ya programu zinafanana sana, index iko juu, namba inatoka nzuri ya 1,500, na yote ni uongo mtupu. Kwa hiyo kwa kila jirani jiulize: ana kile kipande chenye hatari ambacho kemikali yangu inacho? Mwilini atapita njia ileile? Vipande vya kukushtua ni kama alili yenye OH, nitrili ambazo nyingine zinaachia sianidi, fosforasi yenye salfa (P=S) ambayo ini linaigeuza kuwa P=O na kuifanya kali zaidi kwa mishipa ya fahamu, kabamati za aina ya aldikabu, dawa ya wadudu ambayo LD50 yake ni kama 1 mg tu kwa kilo. Kipande kama hicho kikiwepo kwako na kwa majirani hakipo, namba ile achana nayo. Unaweza pia kuwatafuta majirani mwenyewe kwa OECD QSAR Toolbox, programu ya OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi), ya bure, nzito kidogo kujifunza lakini inakuruhusu kuchagua kundi kwa kipande badala ya kwa mfanano wa jumla, na kwa kesi za hivi ndiyo naona bora.

Namba ina upana

Usiandike "LD50 ni 247.3". Wale panya wenyewe hawakubaliani. Kemikali ileile ikipimwa maabara tofauti majibu yanatawanyika, uchambuzi uliochapishwa 2022 wa data za panya uliona kundi la hatari linarudi lilelile kwa kama asilimia 60 tu ya marudio, na wakapendekeza upana wa 0.24 juu na chini kwa kipimo cha log 10. Kwa lugha nyepesi unazidisha na unagawanya kwa 1.74. Modeli ikikupa 250, upana ni kuanzia 144 mpaka 435, na mpaka wa kundi la 3 na la 4 uko 300, katikati kabisa. Hapo unaandika kundi la 3 na wala usijadiliane na mtu. Ikikupa 900, upana ni 517 mpaka 1,566, wote ndani ya kundi la 4, hiyo ni safi. Na huo ni upana wa kipimo cha panya tu, modeli haiwezi kuwa na uhakika kuliko data iliyofundishwa nayo, kwa hiyo hesabu huo kama kiwango cha chini.

Panya si mtu

Hili linaniuma zaidi. Methanoli kwa panya LD50 inatajwa kama 5,600 mg kwa kilo, yaani kwa makundi ya GHS haimo hata la 5. Modeli iliyofundishwa kwa panya itakwambia hakuna shida, na kwa panya itakuwa sahihi kabisa! Lakini binadamu mililita 30 tu zinaweza kumuua, na kidogo kuliko hapo kinapofusha. Methanoli mwilini inaishia kuwa asidi ya fomiki, panya anaiondoa haraka kwa sababu ana foleti (vitamini) ya kutosha kwenye ini, sisi tunachelewa inajikusanya. Nairobi Novemba 2000 walikufa watu zaidi ya 100 kwa pombe haramu iliyotiwa methanoli, na 2014 Kenya ikarudia tena kupoteza watu kwa njia hiyohiyo. Ndiyo maana Ulaya wameipa methanoli kundi la 3 kwa kumeza wakiangalia watu. Dayethilini glaikoli ni vilevile, kwa panya ni zaidi ya 10,000, na kwa watu iliua zaidi ya 100 Marekani 1937 ikiwa ndani ya dawa ya maji.

Inaweza kwenda kinyume pia. Ile 2-butoksiethanoli yetu inapasua chembe nyekundu za damu za panya vibaya sana, za binadamu zinavumilia zaidi. Kwa hiyo ukimaliza na modeli tafuta hata ripoti moja ya watu waliomeza kitu hicho au ndugu yake wa karibu, vituo vya sumu huwa vinachapisha kesi, na kesi ya mtu ikiwa mbaya kuliko namba ya panya fuata ya mtu.

Visivyoingia kabisa

Zebaki, sianidi ya sodiamu, asidi ya salfa, chumvi za kromiamu, usihangaike kuzitafutia SMILES. Modeli hizi zimefundishwa kwa molekuli za kaboni zenye muundo unaojulikana, metali, chumvi za madini na vitu visivyo na kaboni haziwezi. Polima hapana. Mafuta mazito na vitu vya mchanganyiko usiojulikana hapana. Tindikali na besi kali tatizo lake ni kuunguza koo na tumbo, LD50 haikupi picha hata ikiwepo.

Bidhaa iliyochanganywa je? Hiyo kadiria kila kiungo peke yake halafu tumia fomula ya GHS: 100 gawanya kwa ATE ya mchanganyiko ni sawa na jumla ya asilimia ya kila kiungo chenye sumu gawanya kwa ATE yake, na ATE ndiyo LD50 au makadirio yake. Sabuni yenye asilimia 10 ya 2-butoksiethanoli, ATE yake 1,200, na kilichobaki ni maji: 10 gawanya 1,200, geuza, zidisha kwa 100, unapata 12,000, haingii kundi lolote. Weka asilimia 10 hiyohiyo ya alili alkoholi kwa 64, unapata 640, kundi la 4. Kiungo ambacho makadirio yake umeyatupa usikihesabu sifuri, andika wazi asilimia ngapi ya bidhaa sumu yake haijulikani, GHS inataka hivyo na mteja wako anastahili kujua.

Kuandika

Ukurasa mmoja unatosha. Namba ya CAS na SMILES uliyotumia, jina la programu na toleo lake maana matoleo mapya yanabadilisha majibu, tarehe, makadirio na upana wake, AD na index, majirani watano kwa majina na LD50 zao zilizopimwa, sentensi mbili za kwa nini unawakubali au unawakataa, kundi ulilochagua. OECD tangu 2004 wana kanuni tano za modeli za aina hii, lengo linaloeleweka, njia iliyo wazi, eneo linalojulikana, vipimo vya usahihi, na maelezo ya kibayolojia pale yanapowezekana, ukiandika hayo niliyotaja umezigusa karibu zote. Kwa Tanzania kemikali za viwandani ziko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwa sheria ya 2003, na karatasi yenye majirani ndani yake inajadilika na mkaguzi, namba tupu haijadiliki.

Na ile iliyotoka nje ya eneo, index 0.3, majirani hawaeleweki? Mimi naiweka kundi la 3, kabati lenye kufuli, glavu nzima, hakuna kula humo ndani, halafu namwandikia muuzaji anipe kipimo chenyewe kabla ya oda inayofuata. Asipokuwa nacho natafuta kiyeyushi kingine ambacho kimepimwa, na mara nyingi kipo.